SHA au bima ya kibinafsi: pima kwa kile kitakachobaki siku ya kuruhusiwa

Anayekatwa mchango wa SHA, bima ya afya ya lazima ya serikali ya Kenya, kila mwezi huuliza kuna haja gani ya kununua bima nyingine. Mwenye kadi ya kampuni naye hulalamika kwamba serikali inamkata pesa za huduma asiyoitumia. Wote wawili wana hoja, ila wanazungumza kana kwamba mtu anaingia dukani, anachukua kimoja na kuacha kingine. Kisheria hilo halipo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 inamtaka kila Mkenya ajisajili na kuchangia, hata awe na kadi ya kibinafsi ya mamilioni.

Kwa hiyo njia zilizo mbele yako ni tatu. Ya kwanza ni kubaki na SHA pekee. Ya pili ni SHA pamoja na bima ya kibinafsi juu yake. Ya tatu haitangazwi popote lakini imejaa mitaani: mtu aliyejiajiri, asiye na mwajiri wa kumkata, anajisajili SHA, halipi, kisha ama ananunua kadi ya kibinafsi au anategemea michango ya kundi la WhatsApp la familia. Hii nayo nitaigusa, maana ina mtego wake.

Kwa ambaye hajafuatilia, SHA ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya afya uliokuwapo tangu 1966, mnamo tarehe 1 Oktoba 2024. Ndani yake mna mifuko mitatu. Wa huduma za msingi unagharamiwa na serikali na unalipia zahanati na vituo vya afya. Wa SHIF, yaani Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, ambao ndio unaopokea mchango wako, unalipia hospitali za ngazi ya nne hadi ya sita, zilizo kubwa kuliko vituo vya afya. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Huo unaingia pale SHIF inapoishia. Bima ya kibinafsi ni mkataba wa mwaka mmoja mmoja kati yako na kampuni iliyopewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA.

Vigezo kabla ya bei

Wengi huanza na bei: huyu anataka shilingi 300 kwa mwezi, yule 70,000 kwa mwaka, basi wa kwanza ameshinda. Bei ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni pesa utakazotoa mfukoni ukisimama kwenye dirisha la malipo siku mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Bima rahisi inayokuachia deni la 150,000 pale dirishani imekugharimu kuliko ile iliyokutoza 70,000 mapema. Kinyume chake pia ni kweli, hasa kwa magonjwa yasiyoisha, na hapo ndipo wanaoidharau SHA hunyamaza.

Maswali ni matano, na kila upande utajibu yaleyale: unalipa kiasi gani na lini, inalipia nini na inaishia wapi, nani anakubaliwa na anasubiri muda gani, unatibiwa wapi, na mlipaji mwenyewe akikwama, wewe unabaki wapi.

Unalipa kiasi gani, na lini

*SHA.* Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, kisichopungua 300 kwa mwezi, wala hakuna dari. Mshahara wa 20,000 unakatwa 550, wa 50,000 unakatwa 1,375, wa 100,000 unakatwa 2,750, na wa 500,000 unakatwa 13,750. Wakati wa NHIF mkubwa kabisa alilipa 1,700 na mwenye 20,000 alilipa 750. Kwa hiyo wa chini alipata nafuu na wa juu akaongezewa mzigo, jambo ambalo lilikusudiwa. Mwajiri haongezi chochote, tofauti na NSSF, mfuko wa pensheni, au ushuru wa nyumba. Mke na mume wakiwa wameajiriwa wote, wote wanakatwa ingawa kaya ni moja. Hili linaudhi, na sijasikia jibu la kuridhisha. Kitulizo kipo kidogo: tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango wa SHIF hutolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Mwenye mshahara wa 100,000 hutozwa kodi ya asilimia 30 kwenye shilingi zake za juu, kwa hiyo anaokoa 825 kati ya zile 2,750.

Aliyejiajiri ana safari nyingine. Akijisajili kwa *147# au kwenye tovuti ya Afya Yangu, anaulizwa nyumba ina ukuta wa nini, sakafu ya nini, choo cha aina gani, maji anapata wapi, anapikia nini. Majibu yanaingia kwenye fomula na fomula inatoa kiasi cha kulipa. Mzee wa Kisii aliyejengewa nyumba ya matofali na mwanawe aliye Doha anaweza kuonekana tajiri, kwa sababu fomula inaona matofali, haioni mfuko. Isitoshe, kiasi hicho kinadaiwa cha mwaka mzima kwa mkupuo. Mia tatu zinakuwa 3,600, na aliyepangiwa 1,000 anatakiwa kuwa na 12,000 mkononi. Kwa mama mboga wa Kongowea anayezungusha mtaji wa siku kwa siku, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kusajiliwa bila kulipa. Mwaka 2025 serikali ilianzisha Lipa SHA Pole Pole ili mtu alipe kwa awamu. Ni mkopo wa kulipia mchango, hivyo soma masharti yake kama unavyosoma ya mkopo mwingine wowote.

Mkupuo huo si ukatili mtupu. Mfuko ukiruhusu watu kuingia siku wanapougua na kutoka wakipona, utafilisika. Wenzetu wa Tanzania waliliona hilo kwenye Toto Afya Kadi ya NHIF yao: ada ilikuwa shilingi zao 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wengi wakawa wanaandikisha watoto walioshaugua, na mwaka 2023 mfuko ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja kwa mtindo huo.

*Bima ya kibinafsi.* Hapa hakuna asilimia ya mshahara. Unapangiwa bei kwa umri, idadi ya watu kwenye kadi, na kikomo ulichochagua. Kijana wa miaka 27 na baba wa miaka 58 wakinunua kadi ileile, bei zao hazikaribiani. Kawaida unalipa mwaka mzima. Awamu zipo kupitia benki na kampuni za mikopo, na riba iko humo. Juu yake kuna tozo ndogo za kisheria na stempu ya shilingi 40. Upande wa kodi, KRA, mamlaka ya mapato, inakupa nafuu ya asilimia 15 ya ada unayojilipia mwenyewe, isiyozidi 60,000 kwa mwaka: ukilipa 70,000, unarudishiwa 10,500 kupitia kodi. Wengi hawadai, na pesa hiyo huwapita.

Usisahau mwaka wa pili. Ada ya kibinafsi hupanda kwa umri na kwa madai. Ukilazwa mara mbili mwaka huu, usishangae ukiletewa bei mpya wakati wa kuhuisha. SHA haipandi kwa sababu umeugua.

Inalipia nini, na inaishia wapi

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo matangazo ya pande zote mbili husema machache.

*SHA kwenye magonjwa mazito.* Chukua figo. SHA inalipa 10,650 kwa kila kikao cha kusafishwa damu. Mgonjwa wa kawaida anahitaji vikao viwili kwa wiki, ambavyo ni 104 kwa mwaka. Piga hesabu: 1,107,600. Kaya inayochangia 3,600 kwa mwaka haiwezi kupata malipo ya aina hiyo popote pengine. Kwa saratani, SHA ilipoanza kikomo kilikuwa 550,000 kwa kaya kwa mwaka, 400,000 kutoka SHIF na 150,000 kutoka ule mfuko wa magonjwa sugu. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo ulizia cha sasa hospitalini. Serikali pia ina nguvu ya kupatana bei ambayo wewe na mimi hatuna: mwaka 2025 kampuni ya Roche ilikubali kushusha bei ya Herceptin, dawa ya aina fulani ya saratani ya matiti, kutoka 120,000 hadi 40,000 kwa kila dozi, na SHA ikabeba hizo 40,000.

*SHA kwenye uzazi.* Kujifungua kwa kawaida inalipa 10,000, kwa upasuaji 30,000. Kwenye hospitali ya kaunti kiasi hicho kimekusudiwa kumaliza bili. Kwenye hospitali ya kibinafsi ya mjini ni punguzo tu. Tuseme ankara ya upasuaji ni 180,000. Utaona safu ya daktari, safu ya chumba cha upasuaji, safu ya kitanda, safu ya dawa, glavu na nyuzi zilizoorodheshwa moja moja, kisha chini kabisa mstari mmoja: SHA, toa 30,000. Zinabaki 150,000, na karani anasubiri. Kumbuka pia kwamba Linda Mama ya zamani, iliyokuwa bure hata kwa asiyechangia, haipo tena kwa sura ile. Sasa mama anatakiwa awe amelipa SHA.

*SHA kwenye kikohozi na homa.* Pengo kubwa liko hapa, na watu huligundua wakiwa wameshafika. Matibabu ya kurudi nyumbani siku hiyohiyo yanalipiwa kwenye zahanati na vituo vya afya. Ukienda moja kwa moja kwenye hospitali kubwa kwa kuumwa koo, toa pesa. Na hata kwenye kituo cha afya, mara nyingine unaandikiwa dawa ya kwenda kununua duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara.

*Bima ya kibinafsi.* Ukipewa karatasi ya bei na wakala, jicho linaenda juu kabisa: kulazwa, 1,000,000. Inapendeza. Shuka chini polepole. Wagonjwa wa nje, 50,000, na wakati mwingine hakuna kabisa mpaka uongeze pesa. Uzazi, 100,000, ukinunua nyongeza hiyo. Meno, 10,000. Macho, 10,000. Halafu, kwa herufi ndogo: magonjwa sugu na yaliyokuwapo kabla ya bima, saratani na HIV vikiwa ndani yake, 300,000 ndani ya ile milioni. (Tarakimu ni za mfano, lakini mpangilio ndio huo.) Maana yake ile milioni ni ya ajali, kidole tumbo na malaria kali. Figo zikigoma, una 300,000, na kwa bei ya hospitali za kibinafsi hizo haziwezi kufika Desemba.

Lakini tuwe wa haki. Kwa yale mambo ya kila wiki, mtoto kuharisha usiku wa manane, sikio, kipimo cha damu, miwani, kadi ya kibinafsi inafanya kazi ambayo SHA haijakusudiwa kuifanya. Unaweka kidole kwenye mashine, unamuona daktari, unatoka na dawa mkononi. Na kwa kulazwa kwenye hospitali ya kibinafsi, inalipa bili yenyewe badala ya elfu chache za kitanda kwa siku. Kwenye ile ankara ya upasuaji wa uzazi, SHA ingetoa 30,000, kadi 100,000, na wewe 50,000.

Sasa ule mtego wa njia ya tatu. Kampuni nyingi zimeandika kwenye mkataba kwamba sehemu ya SHA inatolewa kwanza kwenye bili, na wao wanalipa kinachobaki. Kama SHA yako imelala, ile 30,000 haihamii kwa kampuni. Inahamia kwako. Mtu aliyedhani ameokoa 3,600 kwa kuacha kuchangia anajikuta amenunua hasara.

Nani anakubaliwa, na anasubiri muda gani

*SHA* haimkatai mtu. Mwenye kisukari, mwenye miaka 80, aliyegunduliwa saratani wiki jana, wote wanaingia kwa mchango uleule wa kipato. Kadi ya kaya inawabeba mwenzi na watoto. Wazazi wako hawamo. Wao ni kaya yao, wajisajili na kulipiwa kivyao. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza, kwa hiyo kama una jirani wa aina hiyo, chifu au mhudumu wa afya wa jamii aulizwe kama jina lake limo.

*Bima ya kibinafsi* inakuchuja mlangoni. Fomu inauliza historia yako, na ukificha presha ya damu leo, kesho ndiyo sababu ya kukataliwa dai. Kipindi cha kusubiri kwa kawaida ni siku 30 kwa magonjwa, miezi kadhaa kwa upasuaji, karibu mwaka kwa uzazi, na mwaka au zaidi kwa magonjwa uliyoingia nayo. Ajali inalipiwa tangu siku ya kwanza. Aliyeshika mimba tayari asihangaike kununua nyongeza ya uzazi, amechelewa. Kampuni nyingi hufunga mlango kwa wanaojiunga wakiwa na miaka 60 au 65, na mipango ya wazee iliyopo ni ghali na ina vikomo vidogo.

Mlango wa pembeni upo, nao ni kikundi. Kampuni ndogo, sacco au chama kikinunua pamoja, mara nyingi vipindi vya kusubiri hufupishwa au huondolewa na magonjwa ya zamani hupokelewa. Kama uko kwenye chama ambacho kila mwezi kinazungumzia kununua ploti Kitengela, si vibaya ajenda moja iwe hii.

Unatibiwa wapi

*SHA* inakufungulia karibu hospitali zote za umma, kuanzia zahanati hadi Kenyatta na Moi ya Eldoret, pamoja na nyingi za misheni na za kibinafsi zilizoingia mkataba. Bei yake unailipa kwa muda: foleni, rufaa, kitanda kilichosubiriwa, mashine ya picha inayofanya kazi kaunti jirani. Uzuri wake ni kwamba madaktari bingwa wa magonjwa adimu wengi wako humohumo kwenye hospitali za rufaa za umma.

*Kibinafsi* inakupa orodha ya hospitali. Ukitoka kwenye orodha, unalipa mwenyewe na kudai baadaye, au hudai kabisa. Angalia kitu kimoja kabla ya kusaini: katika mji unaolala, hospitali gani iko kwenye orodha? Kadi inayong'aa Nairobi inaweza kuwa na kliniki moja tu Lodwar, au isiwe nayo. Nimeona watu wa kaunti za mbali wakilipia ada ya hospitali za Upper Hill, Nairobi, ilhali homa zao zote wanatibiwa mahali ambapo kadi haisomi.

Mlipaji akikwama

*SHA* inakwama kwa kuchelewesha malipo. NHIF iliacha madeni ya mabilioni kwa hospitali, na mwezi Machi 2025 Rais William Ruto aliagiza zilizokuwa zikidai shilingi milioni 10 kushuka zilipwe, zilizozidi hapo zihakikiwe kwanza. Chama cha hospitali za kibinafsi, RUPHA, kimewahi kuwataka wanachama wake wawatoze wagonjwa keshi mpaka walipwe. Upande wa pili, serikali ilisimamisha vituo kadhaa mwaka 2025 kwa madai ya hati za uongo. Mgonjwa yuko katikati: amelipa mwaka mzima, mfumo unasoma kwamba yuko sawa, na bado anaambiwa alete pesa. Njia ya kujikinga ni kujua mapema kituo cha umma au cha misheni kilicho karibu nawe ambacho bado kinapokea.

*Bima ya kibinafsi* inakwama kwa namna tatu. Idhini ya kulazwa inacheleweshwa na mgonjwa anakaa kwenye benchi la mapokezi huku barua pepe zikirudi na kwenda. Kikomo kinaisha katikati ya matibabu. Au kampuni yenyewe inaanguka: Resolution Insurance, iliyokuwa na wateja wengi wa bima ya afya, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria Aprili 2022. Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni imo kwenye orodha ya IRA ya mwaka huu, na lipa kwa akaunti ya kampuni, si kwa simu ya wakala.

Ipi inamfaa nani

Mwajiriwa wa mshahara wa wastani ambaye kazini kuna bima ya kikundi: usinunue nyingine. Hakikisha SHA inawasilishwa na mwajiri na si kukatwa tu, maana kukatwa bila kuwasilishwa kunatokea, kisha ujue kikomo cha magonjwa sugu kwenye kadi ya kazi. Siku ukiacha kazi, kadi hiyo inakoma ukitoka mlangoni. Ukiwa na miaka 50 na ushei, fikiria kuanza mkataba wako mwenyewe kabla umri wa kuingia haujapita.

Familia changa, watoto chini ya miaka mitano, nyumba ya kupanga mjini, hakuna bima kazini: gharama zenu nyingi ni za nje, si za kulazwa. SHA ibebe mambo makubwa. Kisha linganisha vitu viwili: nyongeza ya wagonjwa wa nje kwenye bima ya kibinafsi, dhidi ya kuweka kiasi hichohicho kwenye akaunti ya M-Shwari au sacco na kulipa kliniki ya mtaani keshi. Familia isiyougua sana hushinda kwa njia ya pili. Yenye mtoto wa pumu hushinda kwa ya kwanza, kama pumu ilitajwa kwenye fomu na kipindi cha kusubiri kimepita.

Mnaopanga mtoto: kama hospitali ya kaunti au ya misheni inawaridhisha, SHA iliyolipwa inatosha, na tofauti ya pesa inunue nepi. Kama moyo uko kwenye hospitali ya kibinafsi, nyongeza ya uzazi inunuliwe mwaka mzima kabla ya kuanza kutafuta mimba, na SHA isilale hata siku moja.

Mwenye kisukari, presha, figo au saratani tayari: SHA kwanza, na ilipwe kabla ya kodi ya nyumba. Bima ya kibinafsi ya mtu mmoja mmoja itakutoza sana na kukulipia kidogo kwenye ugonjwa huohuo. Ukipata nafasi ya kuingia kwenye kikundi, ichukue.

Fundi, dereva wa boda boda, mchuuzi: ajali ndiyo hofu yenu kubwa. Lipeni SHA, hata kwa awamu. Kama kiasi mlichopangiwa hakifanani na kipato, kuna njia ya kuomba kutathminiwa upya, nayo huanzia kwenye ofisi ya SHA ya kaunti au dawati la Huduma Centre. Ikibaki pesa, bima ndogo ya ajali ya mwendeshaji ina bei nafuu kuliko kadi kamili ya afya.

Mwenye kipato kikubwa anayekatwa elfu kumi na zaidi kwa SHA: uchungu unaeleweka, lakini pesa hiyo imeshaondoka, isiingie kwenye uamuzi wa pili. Nunua ya kibinafsi yenye kikomo kikubwa cha magonjwa sugu hata kama utaacha nyongeza ya meno na macho. Miwani unaimudu. Wiki tatu za chumba cha wagonjwa mahututi pengine huzimudu.

Mtoto aliye ughaibuni, Doha, Minnesota au Riyadh, anayetaka kuwakatia wazazi bima: anza na SHA yao, ambayo unaweza kuilipa ya mwaka kwa M-Pesa, na umtume mtu mwenye subira akawasajili alama za vidole kabla hawajaugua. Kisha omba bei ya mpango wa wazee kutoka kampuni mbili au tatu. Ukiona ada ya mwaka inakaribia nusu ya kikomo cha magonjwa waliyo nayo, weka pesa hiyo kwenye akaunti ya dharura yenye sahihi mbili, yako na ya ndugu unayemwamini, na uache karatasi ya wakala mezani.